Maandishi yaliyo nyuma ya dashibodi

Geuza paneli ya mlango wa Toyota IST uangalie upande usioonekana, ule wenye nyaya na klipsi. Chini ya vumbi la miaka mingi utakuta herufi ndogo zilizofinyangwa ndani ya plastiki yenyewe: >PP<. Fremu ya redio huenda ikawa na >ABS<. Sehemu ya chini ya dashibodi yaweza kuwa na >PP+T20<. Kiwanda kiliziweka kwa ajili ya watu wa kuchakata taka, ili siku gari likifa kila kipande kijulikane ni cha plastiki gani. Utaratibu huo una kiwango chake cha kimataifa, ISO 11469. Katika gereji za Tandale, Dar es Salaam, herufi hizo zina kazi nyingine. Zinamwambia fundi kama rangi anayotaka kupuliza itashika, au itaanza kubanduka kabla mwezi haujaandama.

Si kila fundi anazisoma, na wateja wengi hawajui kama zipo. Hapo ndipo fedha za watu zinapopotea, na hapo ndipo kazi nzuri ya mikono inapopata jina baya isilostahili.

Gereji ninazozizungumzia nyingi hazina hata bango. Ukitokea Sinza au Manzese ukaingia Tandale, utaziona kando ya barabara na kwenye viwanja vilivyobanwa kati ya nyumba: kompresa moja, kamba ya kutundikia vipande vilivyopakwa, rundo la magazeti ya zamani, ndoo za maji, na gari lililong'olewa viti. Rangi ya nje ndiyo inayompa fundi heshima, kwa sababu mtaa mzima unaiona. Ya ndani huchukuliwa kuwa kazi ya kumalizia, ya kumwachia kijana anayejifunza. Mimi naona ingepaswa kuwa kinyume chake. Bati la mlango tabia yake inajulikana. Ndani ya gari hilohilo fundi anakutana na plastiki tatu au nne za tabia mbalimbali, na zote zimekwisha kupakwa mafuta ya kung'arisha na kila mmiliki aliyepita.

Magari yenyewe yanafika kutoka Japani yakiwa yameshakula chumvi. Kenya inalikataa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Tanzania inalipokea, ila inalitoza ushuru wa ziada kwa sababu ya uzee. Huko Japani nako ukaguzi wa lazima wa gari dogo la abiria huanza baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha unarudiwa kila baada ya miaka 2, na gharama zake huwafanya wengi waone heri kuuza. IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Ile inayopita leo barabara ya Shekilango imeishi maisha mawili, na haya ya pili inayaishi chini ya jua ambalo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, husimama utosini mwa Dar es Salaam.

Jua hilo linafanya nini ndani ya gari lililofungwa vioo? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, waliegesha magari juani kwa saa moja katika siku ambazo joto la nje lilipita nyuzi 38. Dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi, usukani nyuzi 53, viti 51. Tandale haina joto la jangwa la Arizona, lakini gari la hapa halikai juani saa moja. Linakaa mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka. Juu ya joto kuna mionzi ya urujuanimno. Kioo cha mbele kina tabaka la plastiki katikati linalozuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, ila vioo vya kawaida vya milangoni huipitisha kwa wingi zaidi. Ongeza jasho la kiwiko cha dereva, ndipo utaelewa kwa nini sehemu ya juu ya paneli ya mlango wake huchakaa mapema.

Kila plastiki ina namna yake ya kuzeeka. PP, yaani polipropilini, minyororo yake mirefu hukatikakatika na uso wake ukaota unga mweupe usiokwisha kwa kufuta. ABS ina sehemu ya mpira ndani yake, butadini, na hiyo ndiyo inayoliwa na hewa na jua. Kipande kinageuka manjano, kinakuwa kikavu, na klipsi zake zinavunjika ukizigusa tu. Ngozi laini ya PVC inayofunika baadhi ya dashibodi hupoteza mafuta yaliyokuwa yakiilainisha. Ule ukungu wa mafuta unaoufuta kila mara upande wa ndani wa kioo cha mbele, sehemu yake ni mafuta hayo yaliyokimbia kutoka kwenye dashibodi. Halafu kuna zile swichi na vishikio vya baadhi ya magari ya Ulaya vilivyopakwa kiwandani rangi yenye mguso wa mpira. Unyevunyevu wa pwani huivunjavunja rangi hiyo ikawa inanata kama ulimbo. Hiyo haipakwi rangi juu yake kamwe. Inasuguliwa kwa spiriti mpaka iishe yote, ndipo kazi nyingine ianze.

Zamani mtu aliweza kuyavumilia haya yote. Gari lilikuwa lake, na aliyeingia alikuwa ndugu au jirani. Mambo yalibadilika teksi za kuitwa kwa simu zilipoingia mjini, Uber mwaka 2016 na nyingine zikafuata. Abiria anakaa kiti cha nyuma dakika arobaini kwenye foleni, macho hayana pa kwenda, anatazama mlango uliokwanguka na fremu ya gia iliyopauka, kisha akishuka anatoa nyota. Dereva anajua kwamba nyota hizo ndizo ugali. Ndiyo maana anakuja Tandale akiwa na haraka, na mazungumzo ni yaleyale.

"Fundi, nataka jioni niwe nayo barabarani."

"Jioni utaipata, kaka. Ila mwezi ujao utanirudia."

"Acha maneno yako, fundi. Piga rangi."

Na ikipigwa hivyo, kwa kufuta vumbi kwa kitambaa chenye petroli na kupuliza kopo moja zima la rangi nyeusi, jioni kweli gari linapendeza. Dereva anapiga picha. Wiki ya tatu ukucha wa mtoto wa abiria unaanzisha kibanzi kidogo pembeni mwa kitasa, na kutoka hapo rangi inavuliwa kama ganda la kitunguu.

Kosa liko kwenye PP. Plastiki hii ilianza kutengenezwa katika umbo lake gumu linalofaa miaka ya 1950, baada ya Mwitaliano Giulio Natta kupata njia yake mwaka 1954. Yeye na Mjerumani Karl Ziegler walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963. Ni nyepesi, ni rahisi, haidhuriwi na mafuta wala asidi ya betri, na viwanda vya magari vinaipenda kwa sababu hizohizo. Lakini kinachoifanya isishike uchafu ndicho kinachoifanya isishike rangi. Rangi ya kawaida ikikauka juu yake inakuwa imekaa tu, haijaungana nayo. Hata tina, ambayo mafundi wanaitegemea ili rangi "iume", haiigusi. ABS ni kinyume. Tina huiyeyusha uso, rangi inajichomeka humo ndani na kushika barabara, ila ukizidisha tina kidogo uso unachanika nyufa ndogondogo zisizofichika. Basi katika gari moja, kwenye paneli mbili zinazogusana, dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Anayepuliza zote kwa mkono mmoja lazima aharibu mojawapo.

Na herufi za nyuma zikiwa zimefutika, au klipsi zikiwa hafifu kiasi kwamba kipande hakifunguki salama? Kuna majaribio ambayo hayahitaji maabara. Kipande kikishaoshwa kwa sabuni na kusuuzwa vizuri, mwagia maji. Maji yakitandaa na kubaki kama utando, uso uko safi na uko tayari kupokea. Yakijikusanya matone na kukimbia, ama bado kuna mafuta ama umeshika PP. Kwa kutofautisha, gusa pamba yenye tina mahali pasipoonekana: ABS italainika na kunata, PP haitashtuka. Wapo wanaotumbukiza kibanzi ndani ya maji, kwa kuwa PP tupu huelea na ABS huzama. Jaribio hilo linadanganya ukikutana na >PP+T20<, kwa sababu T20 maana yake plastiki imechanganywa na ulanga kwa asilimia 20, na uzito huo waweza kuizamisha. Mimi naliamini la pamba.

Sasa kuosha. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kazi ilipo. Zile dawa za kung'arisha dashibodi zinazouzwa mpaka kwenye foleni nyingi zina silikoni, na silikoni ni adui wa rangi. Punje isiyoonekana kwa macho inatosha kuisukuma rangi pembeni na kuacha tundu la mviringo, na fundi akidhani ni vumbi anapuliza tena juu yake, tundu linabaki palepale. Petroli haiiondoi, inaisambaza kutoka mahali palipokuwa nayo hadi mahali palipokuwa safi. Kipande kinatakiwa kifunguliwe kitoke garini, kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuondoa mafuta, kisuguliwe kwa mswaki kufuata vinyweleo vya plastiki, kisuuzwe, kirudiwe. Kikikauka kifutwe kwa spiriti kwa vitambaa viwili: kimoja cha kulowanisha, kingine cha kukausha kabla spiriti haijapotea yenyewe na kuuacha uchafu palepale. Baada ya hapo mikono mitupu isikiguse tena. Jasho la kidole nalo ni mafuta.

Msasa unatumika kwa kiasi. Paneli nyingi zina mchoro wa ngozi uliofinyangwa, na msasa mkali unasawazisha vilele vyake. Rangi ikipita juu, panabaki bapa linalong'aa katikati ya mchoro na kila mtu atajua pamekwaruzwa. Dodoki la kijani la kusugulia vyombo, pamoja na maji na sabuni, linatosha kuondoa mng'ao bila kula mchoro. Msasa wa maji namba 400 au 600 uwekwe kwa sehemu laini, kama fremu za redio na zile mbao za plastiki za Toyota Mark II ambazo kilia yake, ile rangi angavu ya juu, imepasuka.

Kisha praima ya plastiki, ile maalumu ya kushikisha. Kwa PP haina mbadala wa kweli mtaani. Huwa nyembamba, karibu haina rangi, na ndani yake mna kemikali yenye tabia mbili, upande mmoja unaelewana na PP na mwingine unaelewana na rangi. Inapulizwa mara moja, nyepesi, na rangi inafuata ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukichelewa, inajifunga na faida yake inapotea. Viwandani hutumia njia nyingine, hupitisha ulimi wa moto juu ya plastiki kwa nukta chache ili hewa iuume uso wake, na ndivyo bampa nyingi zinavyotayarishwa. Nimeona hilo likijaribiwa kwa mtungi mdogo wa gesi. Ni njia ya kweli, ila inataka mkono usiotetemeka, maana kati ya kuuamsha uso na kuukunja pana nafasi ndogo sana.

Rangi yenyewe ipulizwe mara tatu au nne kwa tabaka jembamba, kila moja ikiachwa itoe tina yake kabla ya nyingine kuja. Tabaka moja nene hufunika mchoro wa ngozi, huchuruzika kwenye kona, na hubaki laini chini wakati juu limekauka. Wakati wa masika kuna jambo la ziada: hewa ikiwa nzito kwa unyevu, rangi inayokauka haraka hupoa na kunasa maji, inatoka na ukungu mweupe. Wenye uzoefu husubiri jua lipande kidogo, wakamwagia ardhi maji ili vumbi lilale, ndipo wanafungua kompresa. Tandale ina bonde la Mto Ng'ombe na unyevu wake. Anayefanya kazi hapa bila kuiheshimu hali ya hewa atarudia kazi.

Kuhusu rangi gani, watu hubishana sana bila sababu. Toyota nyingi zina kibao cha chuma, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, chenye mstari ulioandikwa C/TR. Namba ya kwanza ni ya rangi ya nje. Herufi na namba zinazofuata baada ya mstari mshazari ni za ndani. Kwa anayebadilisha paneli moja tu, labda aliyopata Gerezani au Ilala kutoka gari lililochinjwa, ya kijivu wakati yake ni ya maziwa, huo ndio mwanzo wa kutafuta mchanganyiko unaoelekea. Lakini juu ya dashibodi nina msimamo: isiwe ya kung'aa, na isiwe nyeupe. Kinachong'aa hapo hujirudia kwenye kioo cha mbele, na saa tisa alasiri dereva anayeelekea Magomeni anatazama barabara kupitia kivuli cha dashibodi yake mwenyewe. Wanaoweka rangi ya krimu yenye kilia kwa ajili ya picha wanajinunulia upofu.

Kuna mahali pasipopakwa kabisa. Kitovu cha usukani, na upande wa abiria panapoandikwa SRS AIRBAG, pana mfuko wa hewa, eabegi, uliokunjwa chini ya kifuniko chenye mistari dhaifu iliyotengenezwa makusudi ipasuke. Mfuko huo unajaa kwa sehemu ndogo ya nukta, kwa kasi inayozidi kupepesa jicho. Rangi iliyojaa kwenye ile mistari, au mbaya zaidi pati iliyosawazishwa juu yake ili pasionekane ufa, inaweza kubadilisha namna kifuniko kinavyopasuka na kurusha vipande usoni mwa mtu. Nimewahi kuona dashibodi iliyozibwa ikawa laini moja kutoka mlango hadi mlango, na mwenye gari akasifiwa. Fundi anayekataa kufanya hivyo asionekane mzembe. Anamlinda mteja asiyejua anachokiomba.

Na nani anamlinda fundi? Rangi za vijenzi viwili, zile zinazochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuzigandisha, zinapendwa kwa sababu hazikwanguki upesi. Hadina nyingi zina isosianati. Huko Uingereza, mamlaka ya usalama kazini imeandika kwa miaka mingi kwamba kemikali hii ndiyo chanzo kikubwa cha pumu inayotokana na kazi, na kwamba wapuliza rangi za magari wana hatari ya kuipata inayozidi ya wafanyakazi wengine kwa takribani mara 80. Haina harufu ya kumwonya mtu mapema. Ikishamkaa mwilini, hata kiasi kidogo kinaweza kumfunga kifua, na hakuna kurudi nyuma. Ufundi wake umekwisha akiwa kijana. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote, na barakoa ya hospitali pia haizuii. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka kwenye kompresa, yenye chujio lake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kinga, lakini kijana wa gereji ya uchochoroni hana mwajiri anayejulikana kwa jina hilo. Kwa hiyo ninasema wazi: kwa plastiki za ndani, ambazo hazipigwi mvua wala mawe, rangi ya kijenzi kimoja isiyo na hadina inatosha. Paneli ikiandaliwa vema itadumu. Anayeng'ang'ania hadina kwa ajili ya fremu ya redio anauza mapafu ya mtoto wa mwenzake kwa kitu kisichohitajika.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kupitia vyuo vyake kama kile cha Chang'ombe, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Ningependa kuona somo la plastiki likipewa uzito ndani yake, kwa kuwa magari yanazidi kuwa plastiki na bati linazidi kupungua.

Linabaki suala la muda, ambalo ndilo chanzo cha ugomvi wote. Rangi yaweza kuguswa baada ya saa moja, lakini ugumu wake huja polepole kwa siku kadhaa, na kipande kikirudishwa garini mapema hukwanguliwa na klipsi zake zenyewe. Dereva wa gari la mkataba hawezi kulaza gari siku kadhaa. Hesabu anayodaiwa na tajiri mwenye gari haijui dashibodi. Baadhi ya mafundi wamepata njia. Gari linaletwa Jumamosi usiku, zinafunguliwa paneli za milango ya mbele peke yake, swichi za vioo zinafungwa vizuri kwa tepu, na ule utando wa plastiki unaozuia maji unaachwa mahali pake. Dereva anarudi barabarani milango ikiwa wazi kwa ndani, anawaeleza abiria wanaouliza. Katikati ya wiki paneli za mbele zinarudi zikiwa ngumu, za nyuma zinatoka. Wiki inayofuata ni zamu ya fremu za redio na za gia. Malipo nayo yanakatwa vilevile, kidogokidogo kwa kila kipande, na hilo huwafaa wote wawili, kwa kuwa ya kwanza ikibanduka dereva ana haki ya kutoleta ya pili.